Njama ya Mombasa ya 1498: waungwana walitaka kuziteka meli, au kuzipandisha mwambani?

Usiku wa tarehe 10 Aprili 1498, nje ya mlango wa bandari ya Mombasa, watu waliokuwa wakiogelea bila kelele waliifikia meli ndogo ya msafara wa Mreno Vasco da Gama, iitwayo Berrio, wakashika amari yake (kamba ya nanga) na kuanza kuikata. Wenzao walikuwa wameshafika meli nyingine, São Rafael, na kudaka kamba za mlingoti wa galme, ule mdogo wa nyuma. Mabaharia wa zamu walipoona maji yakitikisika walidhani ni pomboo. Walipong'amua wakapiga ukelele, na wale waogeleaji wakateremka kimya kimya wakarudi kwenye mitumbwi miwili iliyokuwa ikiwangoja mbali kidogo.

Hapo hapana ubishi wa maana. Ubishi upo kwenye yaliyotangulia. Wareno walidai kuwa usiku ule ulikuwa mkia tu wa njama kubwa: kwamba mfalme wa Mombasa na waungwana wake waliwakaribisha kwa zawadi ili meli ziingie bandarini, kisha wazikamate zote tatu na watu wake. Wengi walioandika baadaye wamelipokea hilo kama lilivyo. Wengine, hasa wanaoitazama historia hii kutoka upande wa pwani, wanalitupa lote kama kisingizio cha mvamizi. Pande zote mbili, nionavyo, zinafunga mambo mawili katika furushi moja. Kuna njama ya kuzivuta meli ndani na kuziteka, na kuna njama ya kuzikatia nanga zikiwa nje. Ya pili ina ushahidi mzuri. Ya kwanza imesimama juu ya mafuta ya moto.

Tuanze na hali ya wageni walipofika. Vasco da Gama alitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na vyombo vinne. Kimoja, cha kubebea akiba ya chakula, kilivunjwa njiani kusini mwa Afrika, vikabaki vitatu: São Gabriel aliyopanda mwenyewe, São Rafael ya kaka yake Paulo, na Berrio ya Nicolau Coelho. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, kilikuwa kimewamaliza mabaharia. Kisiwani Msumbiji, walikofika mwanzoni mwa Machi 1498, walipokewa vizuri kwa sababu walidhaniwa kuwa Waislamu. Walipojulikana, mambo yakaharibika. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wameupiga mji kwa mizinga kwa ajili ya maji ya kunywa, wameteka watu kutoka kwenye mashua, na wamo safarini na marubani wawili wa huko. Marubani hao walikuwa wamelipwa mithkali 30 za dhahabu kila mmoja, kwa sharti kwamba mmoja akishuka pwani, mwenzake abaki melini. Tarehe 1 Aprili rubani mmoja alichapwa kwa kusema visiwa fulani ni bara. Wareno wakakiita kisiwa kile Kisiwa cha Aliyechapwa. Siku tano baadaye São Rafael ilipanda fungu, yaani ilikwama penye maji mafupi, karibu na pwani ya Tanga, ikanasuka maji yalipojaa.

Ndivyo walivyofika Mombasa tarehe 7 Aprili: wachache, wagonjwa, na mateka chini ya sitaha. Walitia nanga nje, hawakuingia.

Yaliyofuata tunayajua kutoka kwenye shajara ya mmoja wa mabaharia, ambayo kwa kawaida hunasibishwa na Álvaro Velho na ambayo haikuchapishwa mpaka 1838. Usiku wa manane wa siku ile ile ya kufika ilikuja mashua kubwa yenye watu kama mia moja, wote na panga na ngao. Walitaka kupanda na silaha zao. Da Gama aliruhusu wanne au watano tu, wale walioonekana kuwa wakubwa wao. Wakakaa kama saa mbili, wakaondoka. Mwandishi wa shajara anasema ilionekana kwao kwamba watu wale walikuja kutazama kama wangeweza kukamata chombo kimojawapo. Ifahamike kwamba hiyo ni dhana yake. Hakuna upanga uliochomolewa.

Kesho yake, Jumapili ya Matawi, mfalme alituma kondoo, machungwa, ndimu na miwa kwa wingi, pamoja na pete kuwa dhamana ya usalama, na ujumbe kwamba wakiingia bandarini watapata kila wanachohitaji. Da Gama alirudisha shada la marijani (zawadi hafifu, kwa mji uliozoea hariri na kauri za China) na akaahidi kuingia. Akapeleka watu wawili mjini. Walipita milango minne, kila mmoja na bawabu mwenye upanga uchi mkononi, wakafika kwa mfalme, wakapokewa vyema, wakatembezwa mjini, wakarudishwa na sampuli za karafuu na pilipili manga. Waliambiwa wanaweza kupakia bidhaa hizo.

Jumanne tarehe 10 wakang'oa nanga ili waingie. São Gabriel ikakataa kugeuza omo (sehemu yake ya mbele), ikagonga meli iliyokuwa nyuma yake, wakaangusha nanga tena. Waungwana wa Mombasa waliokuwa melini walipoona safari imekatika, walirukia mashua yao iliyofungwa tezini, nyuma ya meli. Wale marubani wawili wa Msumbiji wakajitosa baharini, wakaokotwa na mashua hiyo. Jioni hiyo da Gama aliwatoa mateka wawili wa Msumbiji na kuwamwagia matone ya mafuta yanayochemka mwilini ili waseme. Wakasema: amri imetolewa mkamatwe mara mtakapoingia, kulipiza mliyoyafanya Msumbiji. Alipoanza kuwatesa mara ya pili, mmoja alijirusha baharini mikono ikiwa imefungwa. Mwenzake alimfuata alfajiri. Kati ya hayo mawili, usiku wa manane, ndipo walipokuja waogeleaji.

Anayeamini njama ya kwanza ana hoja za kutosha. Watu mia wenye silaha hawaji kumsalimu mgeni usiku wa manane. Desturi ya pwani ya kupokea meli inajulikana: msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona mashua zikitoka kuilaki meli, kila kijana na sinia la chakula lililofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja ili awe mgeni wake. Sinia ni desturi. Panga mia hazimo. Pili, kukimbia kwa waungwana mara tu meli iliposita kunafanana na watu walioona mtego umefyatuka mapema. Tatu, habari za Msumbiji zilikuwa zimeenea. Historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika nusu ya kwanza ya karne ya 16 inasema habari za Wafaranji, yaani Wareno, zilifika Kilwa kutoka Msumbiji, na siku chache baadaye ikajulikana kwamba meli zimeshapita. Mombasa haikuwa na sababu ya kubaki gizani.

Na kazi yenyewe iliwezekana. Bandari ya Kale ya Mombasa inaingiwa kwa mkondo mwembamba kati ya kisiwa na bara, na nje yake miamba imekaa pande zote mbili. Chombo chenye matanga ya mraba kikishaingia humo hakitoki kwa kupiga bisho (kwenda mshazari dhidi ya upepo) kama jahazi la tanga la pembetatu. Kinangoja upepo wa nchi kavu wa alfajiri, au kinavutwa na mashua kwa makasia. Na Aprili ndio mwezi ambao kaskazi inakufa na kusi inaanza, yaani upepo unaanza kuvuma kuelekea pwani. Meli tatu zenye mabaharia nusu wagonjwa, zimefungwa humo ndani, mashua za mji zimezizunguka kiasi kwamba mizinga haiwezi kuinamishwa vya kutosha kuzipiga zilizo ubavuni: huhitaji kuwa mtaalamu wa vita kuona jinsi zingekwisha. Wareno wenyewe walilielewa hilo baadaye. Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga 1593 imekaa mahali panapotazama mlango ule ule.

Lakini jambo kuwezekana si sawa na jambo kupangwa. Ondoa maungamo ya wale mateka wawili, uone kinachobaki.

Maungamo yenyewe ni mabovu kwa sababu zaidi ya mateso. Waliotoa siri ya mfalme wa Mombasa walikuwa watu wa Msumbiji, waliofungwa ndani ya meli tangu Machi. Hawakukanyaga Mombasa. Kama walisikia kitu, walikisikia kwa wale waungwana wachache waliopanda melini, na ni shida kuamini kwamba wakubwa wa mji walikwenda kuwapa mpango wa vita wafungwa wanaolindwa na adui. Sababu waliyoitaja, kisasi cha Msumbiji, ndiyo sababu pekee wao na mtesaji wao waliyoijua kwa pamoja. Mtu akimwagiwa mafuta ya moto na kuulizwa "mmepanga nini?", hujibu kile anachoona muulizaji anakitazamia. Da Gama alikuwa ameshaamini kabla hajauliza.

Kukimbia nako kuna maelezo mepesi. Meli mbili zimegongana, mabaharia wanapiga kelele kwa lugha usiyoielewa, nanga inaanguka, na wewe muungwana wa Mvita (ndiyo Mombasa) umesimama kwenye sitaha ya watu uliosikia kwamba wanateka watu. Mashua yako imefungwa nyuma. Utangoja nini? Marubani ndio kabisa hawahitaji njama ili waruke: mmoja alishachapwa, na hapo walikuwa wamefika kwenye mji wa kwanza wa watu wa dini yao na desturi zao tangu watoke kwao. Nafasi ilipotokea waliitumia.

Kisha kuna vile vitu ambavyo msimulizi anavipita haraka. Watu wawili wa da Gama walikaa mikononi mwa mfalme na wakarudi salama. Mtetezi wa njama atasema ndiyo chambo chenyewe: huwezi kuvuta samaki kwa kuonyesha ndoana. Sawa. Lakini baada ya mpango kugundulika, mateka wakishatoroka na waogeleaji wakishaonekana, Wareno hawakukimbia. Walikaa palepale Jumatano na Alhamisi, wakaondoka Ijumaa tarehe 13. Shajara inasema wagonjwa wote walipona Mombasa kwa sababu hewa yake ni nzuri. Hewa! Machungwa na ndimu za mfalme ndizo zilizowaponya kiseyeye, ingawa si wao wala yeye aliyejua hivyo. Mtu aliyekusudia kuwakamata kwa sababu ni dhaifu ndiye aliyewapa nguvu ya kuondoka.

Siku mbili hizo zinanipa taabu kuliko hoja nyingine yoyote. Nahodha anayeamini kwa dhati kwamba mji mzima umejipanga kumteka halali mlangoni pake siku mbili zaidi, labda kama hana rubani na bado anatumaini kumpata. Na kweli hakuwa na rubani tena. Hapo inawezekana da Gama aliamini hatari iko ndani ya bandari, na kwamba nje, akiwa na mizinga na zamu zilizo macho, anajimudu. Hilo linakubaliana na njama ya kwanza kidogo, na ya pili zaidi.

Sasa tuitazame ya pili. Ile Historia ya Kilwa, ambayo haina sababu ya kuwasaidia Wareno (inawaombea laana ya Mungu), inasimulia kwamba bwana wa mji aliwafurahia wageni akidhani ni watu wema. Kisha wale waliojua ukweli wakathibitisha kuwa ni waharibifu waliokuja kuipeleleza nchi ili waitwae. Wakaazimia kuzikata nanga za meli ili zipande ufukweni na ziwe ngawira. Wafaranji wakagundua, wakaenda Malindi. Katika tafsiri inayotumika sana jina la mji huo limesomwa Mafia, lakini meli hazikutua Mafia, kituo kinachofuata ni Malindi, na jambo lenyewe ni la nanga. Ni Mombasa hii hii.

Mashahidi wawili wenye uadui, wasiosomana, wanakutana kwenye jambo moja: kukatwa kwa nanga. Hawakutani kwenye mtego wa ndani ya bandari. Zaidi ya hapo, masimulizi ya Kilwa yana mpangilio tofauti kabisa na ule wa Wareno: furaha kwanza, onyo baadaye, uamuzi mwisho. Ukiuweka juu ya tarehe za shajara unakaa vizuri. Pete na kondoo ni Jumapili. Mchana wa Jumanne wanafika pwani marubani wawili wa Msumbiji, mmoja na alama za mjeledi mgongoni huenda bado mbichi, na hadithi ya mji uliopigwa mizinga. Usiku huo huo mitumbwi inatoka. Waliojua ukweli, basi, walikuwa watu waliookotwa majini mchana ule.

Kuhusu utekelezaji, kazi ile ilikuwa na dalili za kuandaliwa haraka. Amari ya katani iliyoshiba maji haikatiki kwa pigo moja. Unaikata ncha kwa ncha, na ikiwa imekazwa na uzito wa meli, kila ncha inayoachia hutuma mtetemo hadi sitahani. Baharia wa zamu anayejua kazi yake huweka mguu au kiganja juu ya amari kwa sababu hiyo. Mitumbwi ilibaki mbali ili isionekane, jambo la busara, lakini maana yake chombo kikifunguka hapakuwa na watu wa kutosha karibu wa kukipanda. Halafu meli za safari ndefu hubeba nanga zaidi ya moja: ukikata ya kwanza na watu wakaamka, wanaangusha ya pili. Ndiyo maana, nadhani, kundi jingine lilishika kamba za galme kwenye São Rafael. Ukikata amari bila kuharibu kamba za matanga, meli inaweza kufungua tanga ikaondoka. Ukikata vyote viwili, inabaki mali ya upepo na maji. Walichagua ile ndogo kuliko zote na ile iliyotoka kupanda fungu siku nne nyuma, wakaiacha ya mkubwa. Uchaguzi huo si wa wajinga.

Kilichowaangusha ni mwanga na wakati. Ilikuwa baada ya katikati ya Shaabani, mwaka 903 wa Hijria. Mwezi ulikuwa umeanza kumeguka lakini bado mkubwa, na usiku wa manane ulikuwa juu. Mpangaji mwenye subira angengoja mwisho wa mwezi, giza totoro, ambapo pia bamvua (maji makuu) ya mwezi mwandamo ingekuwa inaanza na mkondo una nguvu ya kuburuta chombo. Hawakungoja kwa sababu hawakujua wageni watakaa mpaka lini. Kama wangekuwa na mpango wa siku tatu nzima, kama inavyodaiwa, wangepata walau mashua nyingi zaidi ya mitumbwi miwili.

Kuna swali la haki pia, na hapa tofauti ya njama mbili inakuwa nzito. Pete ile ilikuwa amani, yaani ahadi ya usalama. Kwa sheria ya Kiislamu mtu aliyepewa amani hashambuliwi mpaka amani iondolewe waziwazi, hata awe kafiri wa vitani. Ikiwa mfalme aliituma huku ameshaamuru wakamatwe, basi waungwana wa Mombasa walivunja ahadi kwa hila, na lawama ya Wareno ni ya haki japo mikono yao si safi. Ikiwa aliituma kwa nia njema, kisha akagundua kwamba aliyeipokea ameficha kwamba ameupiga mji wa Waislamu na anao mateka wake melini, basi amani ilipatikana kwa udanganyifu. Hata hapo fakihi (mwanasheria wa dini) mkali angesema mfalme alipaswa kutangaza kwanza. Hakutangaza. Sioni namna ya kumsafisha kabisa. Ila kuzuia meli ya mtu aliyeteka watu wako, ikiwa nje ya bandari yako, si uharamia. Bandari yoyote ya bahari ile ingefanya hivyo, Lisbon ikiwa ya kwanza.

Masimulizi ya Kireno yalinenepa kadiri miaka ilivyokwenda. Kufikia 1572 mshairi wao Camões alikwishaingiza miungu ya Kirumi: mmoja akichochea Mombasa, mwingine akizisukuma meli nyuma zisiingie. Kwa hiyo kuchelewa kugeuka kwa São Gabriel, jambo linaloipata meli yoyote inayong'oa nanga penye nafasi finyu, likawa muujiza, na hila ya Mombasa ikawa tabia ya asili ya watu wake. Kamanda wa Kireno Francisco de Almeida alipouvamia na kuuchoma mji Agosti 1505 hapakuwa na haja ya kueleza sana kwa nini.

Ajabu ni kwamba chombo kilichotekwa kweli juma lile, na watu wake, hakikuwa cha Wareno. Alfajiri ya tarehe 14 Aprili da Gama aliona mashua mbili, akazifukuza, akakamata moja. Ilikuwa na watu 17, dhahabu, fedha na nafaka, na abiria wawili walikuwa mzee mmoja wa heshima na mkewe kijana. Jioni akatia nanga mbele ya Malindi, mji uliokuwa hasimu wa Mombasa, na mfalme wake akaona faida ya rafiki mwenye mizinga. Hata huko urafiki ulifanyikia majini: da Gama hakushuka pwani ingawa aliombwa sana, wakaonana kila mmoja katika mashua yake. Aliwaachilia mateka wake wakawa zawadi kwa mfalme. Siku zikapita, rubani aliyeahidiwa haji. Tarehe 22 mtumishi wa karibu wa mfalme alipokuja melini, da Gama akamzuia asishuke na kutuma ujumbe kwamba anamtaka rubani wake. Rubani akaletwa, na tarehe 24 wakatweka matanga kwenda Calicut, huko India.